Fundi Aliyeziba Mwanya

Ukumbi wa posta ulikuwa umefurika mchana ule, foleni imejikunja mara tatu na mkia wake bado uko nje. Karibu na dirisha la vifurushi, mtu mzima mmoja aliyevaa koti la jinzi na kofia ya ukingo mpana alikuwa akitafuna biskuti huku akipigwa picha na mashabiki. Mmoja akamtania, naye akaangua kicheko kikubwa, na meno yake mawili ya mbele yakamchomoka mdomoni. Yakadunda sakafuni, yakateleza, yakaenda kutua kwenye kiatu cha mwanamke mmoja.

Sasa, wanawake walikuwa wengi mle ndani. Lakini meno yalimchagua yule ambaye miaka ishirini na miwili alikuwa akila jasho lake kwa kutengeneza meno bandia. Aliinama, gauni lake la kijani likakusanyika magotini, akayaokota kwa kitambaa na kuvaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani.

"Famahani, mama," alisema mwenye kofia akiziba mdomo kwa kiganja. "Hayo ni yangu."

"Najua. Aliyekutengenezea ni nani?"

"Fundi mmoja, fiku nyingi."

"Huyo hakuwa fundi, alikuwa adui yako. Angalia, ameyaacha yamekaa mbalimbali kama watu walionuniana! Haya, njoo kesho kwenye karakana yangu, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Na mdomo uje nao."

Jioni alipomsimulia binti yake, ambaye ni muuguzi, binti aliacha kijiko hewani.

"Mama! Umemwambia Kofia, mwanamuziki yule, aje na mdomo? Unajua yule ni nani?"

"Ni mtu asiye na meno."

"Mama, yule ana miaka thelathini na mitano jukwaani! Albamu kumi na nne! Nyimbo za masimulizi, gitaa kavu mbele, roki nyuma. Wenzako walichumbiwa kwa nyimbo zake."

Fundi hakuwa mtu wa muziki. Redio ya karakana ilisoma habari, kisha ikazimwa ili mashine isikike. Lakini siku ya pili Kofia alipoingia, shati la maua, pete tatu na harufu ya sabuni nzuri, moyo wa fundi ulimwenda mbio, akakasirika nao.

"Fungua mdomo."

"Nikifungua nitashindwa kukusifia."

"Ndiyo maana nimesema fungua."

Kazi ile ilihitaji aje mara mbili. Alikuja mara sita. Mara ufizi unamuuma, mara amesahau mwavuli wa pili, na mwavuli wenyewe alikuwa nao mmoja tu. Simu nazo zikaanza: asubuhi kabla ya mazoezi, mchana kabla ya chakula.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Na unga wa plasta kwenye nywele. Unataka nini?"

"Sauti yako tu. Nimeshaipata, sasa nakata."

Lakini hakukata, wala fundi hakutaka akate. Siku aliyoulizwa anataka meno ya namna gani, Kofia alikuwa akimtazama vidole, akajibu, "Tengeneza unavyojua wewe." Fundi akatengeneza kwa mapenzi yake yote: meno mawili meupe, yamebanana, hata uzi haupiti katikati.

Alipomvisha na kumwekea kioo mbele ya uso, Kofia alijiona kijana. Akamshika mkono, akamwalika kwenye mazoezi ya tamasha la kutimiza miaka thelathini na mitano.

Huko alipokelewa na dada mdogo wa Kofia, ambaye ndiye meneja wake, mwanamke mwenye simu mbili na maneno mengi. "Karibu, wifi. Usishtuke, naanza kukuita mapema. Ila nikuambie ukweli: wake wawili wameondoka hapa. Kaka si mkorofi, ni kwamba hayuko. Mwaka mzima yuko jukwaani, na akirudi nyumbani bado yuko jukwaani."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Alikuwa ameanza kumpenda mtu yule, na hakuna alichokiogopa kama kuwa shabiki mmoja zaidi kwenye viti.

Bendi ikaanza wimbo uliomtoa Kofia, ule unaofunguka na maneno *Sitasahau siku ile*. Kofia akaimba mstari mmoja, akasita. Akaanza upya, akasita tena. Mpiga ngoma akashusha vijiti.

"Mzee, kile kimluzi chako kiko wapi?"

Hapo ndipo fundi alipopata habari ambayo nchi nzima ilikuwa nayo. Kofia alizaliwa na mwanya. Kila alipotamka S, hewa ilipita pale katikati na mluzi mwembamba, na mluzi huo ndio uliowafanya watu wanunue kanda zake tangu enzi hizo. Alipoanguka jukwaani na kung'oka meno, fundi wa zamani aliuacha mwanya kwa makusudi. Huyu wa sasa alikuwa ameuziba.

"Nani alikutuma uuzibe?" Kofia alifoka mbele ya bendi nzima.

"Uliniambia nitengeneze ninavyojua!"

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe! Sikuwa nafikiria meno!"

Mpiga gitaa la besi akakohoa ili asicheke. Fundi akachukua mkoba wake. "Basi usinitazame tena," akasema, akatoka, na machozi yakamsubiri mpaka ngazini.

Siku tatu simu haikulia. Fundi aliona aibu, aibu ya mtu anayeipenda kazi yake na kuiharibu. Meno ya zamani alikuwa ameshayavunja wakati wa kuchukua vipimo. Akaazima albamu zote kumi na nne kwa binti yake, akawa anapima mwanya kwenye picha za majalada kwa kioo cha kukuzia, huku nyimbo zikipigwa moja baada ya nyingine. Kwenye albamu ya tano alizima mashine ili asikilize vizuri. Kwenye ya tisa alilia, tena kwa raha.

Siku ya nne Kofia akagonga mlango, kofia mkononi, upara unang'aa.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikufokea mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Nimeanza kujifunza kuimba na meno haya. Ni yako, siyavui."

"Yavue, mjinga wewe."

Akamvisha mengine, aliyoyatengeneza kwa vipimo vya zile picha. "Sema."

"Sitasahau."

Mluzi haukutoka. Akayavuta, akapitisha tupa ndogo. "Sema." Ukatoka upepo mtupu. Tupa tena, unywele mmoja tu. "Sema."

"Sitasahau siku ile," alisema Kofia, na mluzi ukapita, mwembamba, wenyewe kabisa. Wakashikana mabega wakicheka mpaka mwenye duka la miwani akagonga dari kwa ufagio.

"Umenisamehe?"

"Meno nimeyasamehe." Fundi akavua miwani. "Wewe nakupenda, na ndiyo shida. Una watu elfu nane uwanjani wanaokupenda. Mimi nitakaa wapi?"

Kofia akavaa kofia yake, akashuka ngazi haraka.

Tamasha lilianza saa tisa alasiri, jua bado kali. Fundi alikuja kwa kubembelezwa na binti yake, akakaa mstari wa tatu katika gauni la zambarau. Kofia aliimba saa mbili bila kuchoka, kisha akaanza ule wimbo. Mluzi ulipopita, uwanja ulilipuka. Lakini kilipokaribia kiitikio, alichokifuata kila mtu pale, akanyamaza. Akavua gitaa shingoni, akampa dada yake.

"Kaka, una wazimu? Miaka thelathini na mitano hujawahi kuacha wimbo katikati!"

"Watamalizia. Wanaujua."

Akashuka ngazi. Watu wakatazamana, mmoja akaanza kuimba, na mara elfu nane wakapokea, mpiga ngoma akawafuata. Kofia akapenya kati ya viti mpaka mstari wa tatu.

"Uliniuliza utakaa wapi," alisema, jasho likimtiririka. "Pembeni yangu. Safari za nusu mwaka nimezifuta, dada atakuambia, amenuna. Nataka kuwa nyumbani nawe uwepo. Naomba nikuoe."

"Ndiyo," alisema fundi.

"Nini? Sisikii, wanaimba!"

"Nimesema NDIYO!"

Kiitikio kilikuwa kimeisha sekunde ile ile, na uwanja mzima ukamsikia.