Bolti za Upande wa Kulia

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa ploti yao pale mtaani Mowlem, Amondi alikuwa na kazi ya kuosha viti. Vilikuwa viti vyeupe vya plastiki, mia moja na ishirini, ambavyo Shangazi Jacklyne alivikodisha kwa harusi, matanga na mikutano ya vyama vya akina mama. Amondi alivisugua kwa kitambaa na sabuni ya unga, akavisuuza, kisha akavigeuza miguu juu vikauke. Akimaliza alipewa chai na mkate, akaketi kwenye kimoja cha viti hivyo akila polepole huku akitazama majirani wakipita na mitungi ya maji.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, viti viliachwa. Siku hiyo ilikuwa ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa vani kuukuu, rangi ya maziwa, lililomzidi Amondi umri kwa miaka mingi, na Amondi alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndilo lililobeba viti na hema. Kwa majuma kadhaa sasa, kila lilipopita kwenye shimo, upande wa mbele uligonga: ko! ko! ko! Shangazi hakuhitaji kuuliza mtu. Siku za kazi alikuwa fundi katika gereji moja upande wa Lucky Summer, na mlio ule aliujua.

"Ni bushi zimekwisha," alimwambia Amondi. Akachukua kipande cha mpira chenye tundu katikati, kipya, kinene, akamwekea kiganjani. "Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma. Mkono huo hupanda na kushuka barabarani. Pale unapoungana na gari pana bushi mbili kama hii, ili chuma kisigonge chuma. Za kwetu zimechakaa, zimepasuka."

Kwa viti, kugonga huko hakukuwa na neno. Kiti hakisikii maumivu. Lakini tangu Julai, Jumatatu moja kila baada ya majuma mawili, gari hilo lilimbeba pia Waruguru, rafiki yake Amondi wa nyumba ya tatu, kumpeleka kliniki. Waruguru alivunjika paja alipoteleza kwenye ngazi, akapasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Yeye na bibi yake, Cucu Mukami, hawakuwa na gari, na Shangazi hakuwahi kuwaambia habari ya nauli. Jumatatu iliyokuwa ikija ilikuwa ya kliniki. Ndiyo maana Shangazi aliomba ruhusa kazini, akanunua bushi nne, akaja kufanya kazi nyumbani.

Walianza mapema. Shangazi aliinua upande wa mbele kwa jeki, lakini hakuiamini jeki. Aliweka stendi mbili nene za chuma chini ya gari, akalisukuma kwa bega mara tatu. Halikutikisika. Kisha akatoa magurudumu ya mbele na ile mikono ya chuma.

"Jeki huinua, stendi ndiyo hushika," alisema. "Na wewe, kichwa chako hakiingii chini ya gari. Utafanya kazi ukiwa hapa pembeni. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Bushi za zamani zilitoka kwa shida. Shangazi hakuwa na mashine kubwa ya gereji, basi alitumia bolti ndefu na kipande cha bomba: kila alipokaza nati, bushi mbovu iliingia bombani kidogo kidogo, ikilalamika. Zilipotoka, Amondi aliziona zimekatikakatika kama soli za viatu vya mtembezi. Mpya zilipakwa maji ya sabuni zikavutwa ndani kwa njia ileile. Ilipofika saa nne, mikono yote miwili ya chuma ilikuwa tayari kurudishwa.

Ule wa kushoto Shangazi aliurudisha mwenyewe. Ule wa kulia alimwachia Amondi aingize bolti zake mbili na nati, na hapo akamshika bega.

"Sasa sikia vizuri. Nati hizi zifunge kwa vidole tu. Usizikaze. Gari likiwa juu, mikono hii inaning'inia. Ukikaza sasa, bushi zitashikwa katika hali hiyo. Gari likishuka, mpira utasokotwa kama nguo inayokamuliwa, na utakaa umesokotwa mchana na usiku. Tutakaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake."

Alikuwa na desturi nyingine pia. Kila bolti iliyokazwa mara ya mwisho ilipigwa mstari wa chaki nyeupe. Bolti isiyo na chaki haikuhesabiwa kuwa imekazwa. Siku hiyo chaki alikuwa nayo Amondi, mfukoni, naye alikuwa ameigusa mara nyingi kuhakikisha ipo.

Simu ikalia. Mteja alitaka kuja kuona hema, na Shangazi akaenda kumngoja langoni.

Ndipo Phares alipotokea, mvulana wa jirani, amekumbatia mpira wa miguu.

"Niaje, Amondi! Hiyo gari yenu inaumwa magoti, ama?"

"Inatengenezwa. Mimi ndiye ninayefunga hapa."

"Wewe?" Phares alicheka hadi akaegemea ukuta. "Wewe huwezi kufungua hata soda! Juzi si nilikufungulia mimi?"

"Soda ilikuwa na kutu."

"Soda yenye kutu! Haya, kaza tuone."

Amondi alijua alichoambiwa. Alikijua vizuri kabisa. Lakini spana ilikuwa pale, na bomba la kurefushia mpini lilikuwa pale, na Phares naye alikuwa pale akitabasamu. Akavika spana kwenye nati, akachomeka bomba, akavuta kwa uzito wake wote. Nati ikalia, ikakaza. Akaenda ya pili. Alipomaliza, zote mbili zilikuwa ngumu kama mwamba.

"Eh," Phares alisema. "Kweli una nguvu." Akaondoka akidundisha mpira wake.

Utamu wa sifa hiyo haukufika hata langoni. Amondi alijaribu kuzilegeza, akavuta, akasukuma, akaning'inia kwenye bomba. Nati hazikusogea. Akasikia sauti ya Shangazi akiagana na mteja, akaficha bomba nyuma ya ndoo.

Shangazi alirudisha magurudumu, akatoa stendi, akalishusha gari. Upande wa kushoto alikaza mwenyewe kwa spana ya kipimo, ile inayolia ka! nguvu ikitosha, na Amondi akapiga chaki. Walipofika upande wa kulia, Amondi alisema haraka, "Huku nitakaza mimi, Shangazi. Wewe nenda unawe mikono. Umechoka."

Shangazi alimtazama kwa furaha. "Haya, fundi. Ingiza mkono nyuma ya gurudumu. Nataka kusikia mlio."

Amondi alivika spana ya kipimo, akavuta. Ka! Haikuzunguka hata kidogo, kwa kuwa nati ilikuwa imekwisha kukazwa. Akavika ya pili. Ka!

"Zimelia mbili," Shangazi alisema kutoka kwenye karai. "Safi. Piga chaki."

Amondi akapiga chaki, mistari miwili mizuri, iliyonyooka.

Chakula cha mchana alipewa paja la kuku, ambalo kwa kawaida lilikuwa la baba yake. "La fundi," Shangazi alisema. Amondi alilila lote, wala hakujua ladha yake.

Jumapili, baada ya kanisa, Cucu Mukami alikuja akiwa amebeba bakuli la njahi, yale maharagwe meusi, lililofunikwa kwa sahani. Waruguru alimfuata kwa magongo yake, hatua moja moja. Shangazi alikuwa ndani, bado hajabadilisha nguo, na Cucu akaingia kumsalimu. Wasichana wakabaki na gari.

"Nisaidie nijaribu kiti," Waruguru alisema. Amondi alimfungulia mlango, akamshika kiunoni, akampandisha. Waruguru aliketi, akatazama mbele kana kwamba safari imeanza.

"Kliniki yenyewe siiogopi," alisema. "Daktari ana utani sana. Barabara ndiyo huniua. Unajua hufanya nini?" Alitoa leso ya kitambaa kutoka mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa na vitundu, vimejipanga nusu duara. "Huiuma. Nisipoiuma nitapiga kelele, na Shangazi yako atajisikia vibaya, na amenibeba bure."

Amondi aliitazama leso.

"Kesho naiacha nyumbani," Waruguru alisema. "Cucu ameniambia mmetengeneza, wewe na Shangazi. Amesema wewe ulifunga bolti. Kweli?"

Amondi alimletea magongo yake. Alimsaidia kushuka, akamkalisha kwenye kiti kivulini, akaingia nyumbani. Shangazi na Cucu walikuwa wakicheka jambo fulani la kanisani. Amondi alisimama mlangoni. Alitaka kusubiri Cucu aondoke, lakini alijijua: akisubiri, hatasema.

"Shangazi, nilikaza zile bolti gari likiwa juu."

Kicheko kikakatika.

"Zipi?"

"Za kulia. Zote mbili. Ulipokuwa langoni. Kisha nikashindwa kuzilegeza. Mlio uliousikia ulikuwa wa bure, hazikuzunguka. Na nikapiga chaki." Machozi yalimtoka. "Phares alisema siwezi, lakini si Phares. Ni mimi."

Cucu Mukami alilitazama bakuli lake la njahi, akalisogeza kidogo mezani, asimwone mtoto akilia. Shangazi aliinuka. Alikuwa bado amevaa viatu vya kanisa.

"Ulitumia bomba?"

"Ndiyo."

"Twende."

Nje, Shangazi alimwambia aweke vidole kati ya gurudumu la kushoto na ukingo wa bodi. Viliingia vinne. Upande wa kulia viliingia vitano.

"Umeona? Upande huu umekataa kushuka. Niliuona jana, nikadhani ni springi zimezeeka. Sikudhani ni bolti, kwa sababu niliona chaki." Alitandika katoni, akapiga magoti na gauni lake zuri. "Kesho kila shimo lingepanda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mwenzako. Na baada ya mwezi, mpira ungechanika, tukarudi palepale."

Alichomeka bomba, akaegemeza uzito wake. Nati ya kwanza ikalegea kwa kishindo. Ilipolegea ya pili, vani ilishuka taratibu upande wa kulia, kama mama anayeketi baada ya ibada ndefu. Shangazi aliitikisa juu chini mara kadhaa ili ikae sawa. Kisha akatoa kitambaa, akafuta mistari yote miwili ya chaki, akamnyooshea Amondi spana ya kipimo.

Amondi alirudi nyuma. "Mimi?"

"Nani mwingine? Aliyefunga vibaya ndiye afunge vizuri. Vuta polepole. Leo nataka kuitazama nati, si kusikiliza tu."

Amondi akavuta. Mara hii nati ilizunguka, nusu mzunguko, robo, kidogo zaidi. Ka! Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Ya pili ikafuata. Wakapima tena kwa vidole: vinne huku, vinne huku. Waruguru, pale kivulini, aliuliza wanafanya nini.

"Nilifunga vibaya jana," Amondi alimjibu. "Tunafunga upya."

"Sasa ni sawa?"

"Sasa ni sawa."

"Basi mlete njahi, tule," Waruguru alisema. "Zinapoa."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi walitoka wanne: Shangazi kwenye usukani, Waruguru mbele, Cucu na Amondi nyuma. Walipokaribia barabara mbovu, ile yenye mashimo tangu mvua za Aprili, Amondi alishikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Gari likainama, likapanda, likainama tena. Hapakuwa na ko! ko! Alingoja asikie Waruguru akivuta pumzi kwa meno, kama kawaida yake. Hakusikia kitu. Aliposogea kumchungulia, alikuta amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea mkanda.

Cucu Mukami alimwona pia. Akanyoosha mkono wake mkavu, akaushika wa Amondi, akauweka juu ya paja lake.

Shangazi alizungumza kwa sauti ya chini, asimwamshe mgonjwa.

"Amondi, kukaza vibaya si aibu. Mimi nimeharibu bolti nyingi kuliko wewe. Kosa la mkono, spana hulirekebisha. Lakini chaki ile ilikuwa neno lako, na neno la mtu ndilo wengine hulikalia. Mwenzako angelikalia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajapanda."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na Jumamosi ijayo tunabadilisha breki za nyuma. Vaa nguo za kazi."