Bomba Linalotekenya

Asubuhi nyumbani kwa Mama Pindo huanza na mlio wa cherehani. Mama Pindo ni mshonaji. Anashona sebuleni, kando ya dirisha. Mumewe ni mtunza stoo kiwandani, naye huondoka mapema. Anayebaki nyumbani ni mama mkwe. Hukaa karibu na mkwewe, akimshonea vifungo na kumkosoa.

"Bomba limenitekenya tena," mama mkwe alisema asubuhi moja, akitoka bafuni.

"Limekutekenya vipi, mama?"

"Hapa kwenye vidole. Kama sisimizi wanatembea ndani ya nyama. Nikizima hita ya maji, sisimizi hawapo."

Mwanawe alikuwa akifunga viatu. Alicheka. "Mama, hiyo ni mishipa. Uzee hauji peke yake."

"Mishipa yangu inajua hita imewashwa?"

Mama Pindo alicheka pia, lakini hakuelewa. Yeye alioga kwenye bafu hilohilo, akashika bomba hilohilo, na hakutekenywa hata siku moja. Ilikuwaje bomba moja limtekenye mtu mmoja tu?

Wiki mbili zilipita. Mama mkwe akaanza kukwepa kuoga. Mwanawe akachoka.

"Tumwite mkaguzi wa umeme," alisema. "Atatupa karatasi, na mama atatulia."

Basi wakatafuta mkaguzi wa bei ndogo. Kabla hajafika, Mama Pindo alifanya jambo la ajabu. Sebuleni kulikuwa na soketi moja iliyoungua, nyeusi kama chungu. Akasukuma kabati, akaificha. Mgeni anakuja, asije akaona aibu ya nyumba!

Mkaguzi huyo watu walimwita Bwana Muhuri. Bei yake ilikuwa sawa na kubadilisha zipu moja. Aliwasha taa, akaizima. Akatazama dari. Akanywa chai, akaisifu. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akaugonga kwenye karatasi: NYUMBA NI SALAMA. Kazi yote ilichukua dakika kumi, chai ikiwemo.

"Umeona, mama?" alisema mume. "Imeandikwa. Sasa nenda ukaoge kwa amani."

Mama mkwe aliitazama karatasi. Alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Akaenda.

Mara wakasikia ukelele, na kishindo. Walipofika, mama alikuwa ameketi sakafuni. Kiwiko kilikuwa kikimtoka damu.

"Limenirusha," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Pindo aliogopa vibaya sana. Alikimbia akazima swichi ya hita kwa mkono mkavu. Ndipo akarudi kumwinua mama.

Kesho yake akaja mkaguzi wa pili aliyeitwa na mume, mtu wa miwani myeusi. Huyu hata bafuni hakuingia. Alitazama makochi. Alitazama televisheni. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Nyaya zote zing'olewe. Leo leo! Nyumba hii haifiki wiki ijayo, itaungua."

Akataja bei. Mama Pindo aliihesabu kwa magauni, maana ndiyo hesabu yake. Ilikuwa magauni arobaini. Nusu alitaka apewe papo hapo.

Kichwa cha Mama Pindo kilizunguka. Jana nyumba ilikuwa salama. Leo inaungua. Nyumba ni ileile. Nani mkweli? Au wote wawili ni waongo? Mumewe alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Woga ulikuwa umemshika, na mtu mwenye woga hulipa haraka.

"Ngoja kwanza, baba watoto," alisema Mama Pindo. Akamgeukia mkaguzi. "Umepima nini?"

"Mimi naona kwa macho, mama. Uzoefu huo."

"Na mimi nimeshona miaka kumi na mitano. Lakini nikikata kitambaa kwa kukisia, gauni linabana kwapani."

"Umeme si kitambaa, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Kitambaa hakiui mtu."

Mtu wa miwani alisonya, akaondoka zake.

Mtaa wa pili aliishi fundi wa umeme, mwanamke, jina lake la utani Fundi Taratibu. Watu walimkwepa kwa sababu hana haraka. Mama Pindo alimfuata siku hiyohiyo.

Fundi Taratibu alipofika, alionyesha leseni yake kabla ya kuombwa. "Soma jina, tazama na picha," alisema. "Kisha piga simu ofisi iliyonipa, uhakikishe bado inatumika. Usimwamini fundi kwa sababu ya muhuri tu."

"Na bei?" aliuliza mume, akiwa bado na wasiwasi.

"Ukaguzi ni bei ya magauni mawili, maana mkeo ananiambia hapa hesabu ni ya magauni. Nimehesabu vyumba, soketi na saa nitakazotumia. Makochi yenu sikuyahesabu. Nitaiandika sasa, kabla sijagusa kitu. Nikikuta ubovu au nisikute, bei ni hiyohiyo. Matengenezo ni kazi nyingine. Mnaweza kuchukua ripoti yangu mkampa fundi mwingine mwenye leseni."

Mume alishangaa. "Kwa nini utupeleke kwa mwingine?"

"Ili mjue sikutafuta ubovu nipate kazi."

Hakuanza na waya. Aliketi. "Nani hapa ameona jambo lisilo la kawaida?"

Mume alitazama viatu vyake. Mama mkwe akainua mkono uliofungwa bendeji, akasimulia yote, sisimizi na hita na sakafu. Fundi aliandika kila neno.

"Mama, unaoga na ndala?"

"Pekupeku."

"Na wewe, Mama Pindo?"

"Ndala za mpira."

"Mpira huzuia umeme. Ndiyo sababu yeye alisikia zaidi. Lakini ndala si dawa. Siku moja zingekuangusha."

Alifanya kazi kwa muda wa saa tatu. Alipima bomba kwa kipimo chenye namba. Alizima swichi kuu, akafungua boksi la umeme, akafungua hita. Ndani akaonyesha waya mmoja umezungushiwa mkanda wa gundi, unaning'inia.

"Huu ni waya wa ardhi. Hita ikivujisha umeme, waya huu unaupeleka ardhini, na swichi inajikata. Aliyefunga hita hakuuunganisha. Umeme ukatafuta njia nyingine. Njia yenyewe ilikuwa mwili wa mama."

Hakuna aliyecheka.

Kisha akasimama mbele ya kabati. "Hili lilikuwa hapa siku zote?"

Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke. Akakiri. Fundi akauliza, "Wateja wako wakipimwa, huvuta tumbo ndani?"

"Wengi! Halafu gauni halifungi, wananilaumu mimi."

"Basi umenielewa."

Wakasukuma kabati.

Ripoti ilikuwa na namba za vipimo, tarehe na sahihi. Ubovu uligawanywa. Hita na waya wa ardhi: hatari, isitumike kabisa. Soketi nyeusi: isitumike, ibadilishwe wiki hii. Taa ya ukumbini: inaweza kusubiri. Nyaya nyingine zote zilikuwa nzima.

Waliuliza bei ya matengenezo kwa mafundi wawili wenye leseni, yeye na mwingine, kila mmoja akaiandika. Wakamchagua Fundi Taratibu, kwa magauni sita. Alipomaliza alipima tena mbele yao, na mume akasoma kipimo mwenyewe. Kwenye bomba: sifuri. Fundi akabonyeza kitufe cha kujaribia kwenye swichi mpya ya usalama aliyoifunga, ikajikata papo hapo.

"Bonyezeni hivi mara kwa mara," alisema. "Isipojikata, niiteni."

Alipoondoka, mume alikaa chini karibu na kiti cha mama yake.

"Mama, nisamehe. Nilisema ni mishipa."

Mama mkwe alichukua taulo. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini umeita watu watatu, umewalipa wawili, na yule wa miwani nusura akunyonye. Mimi nilikwambia bure."

Akaenda bafuni. Mama Pindo alisimamisha cherehani, akasikiliza. Maji yalimwagika muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kugonga mlango.