Mwanafunzi wa Kuazima

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kuanika sare yake ya shule, Mbishi aliitwa sebuleni. Kaka yake alikuwa ameshasukuma meza ukutani. "Chuchumaa," alimwambia. "Mgongo wima. Magoti yasiingie ndani. Tena." Mbishi alichuchumaa mpaka mapaja yakamuwaka moto. Jina hilo alipewa na mama yake, maana tangu alipojua kusema hakukubali jambo bila kuuliza kwa nini.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuuliza. Kaka alikuwa anamaliza chuo cha walimu wa mazoezi, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebadilishwa. Zamani mtahiniwa alinyanyua vyuma, akatoka jasho, akapewa cheti. Wenye kumbi za mazoezi wakachoka. Walikuwa wakiajiri vijana wenye vifua vipana wasioweza kumfundisha mtu, na wateja wakaumia migongo. Sasa kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu asiyejua mazoezi, amfundishe mbele ya mwajiri. Mwajiri aliyealikwa, mama mmoja mwenye ukumbi mkubwa, alikuwa na nafasi moja tu ya kazi.

"Lakini mimi kuchuchumaa nimeshajua," Mbishi alisema. "Wao wanataka mtu asiyejua."

"Utajifanya hujui. Wenzangu wote wanafanya hivyo. Mmoja anamnoa mjomba wake huu mwezi wa pili."

"Nikiulizwa je?"

"Utasema ni mara yako ya kwanza."

"Sisemi."

Kaka alimtolea macho. "Nikikosa kazi hii, mama ataendelea kushona peke yake mpaka lini? Huoni macho yake yanavyomuuma?"

Maneno hayo yalimchoma Mbishi, maana yalikuwa kweli. Hata hivyo hakurudi nyuma. "Kuchuchumaa nitachuchumaa. Uongo sisemi, hata ukininunia mwaka mzima."

Kaka akanuna kweli. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa kwenda naye, akajipa moyo kwamba hakuna atakayemuuliza mtoto.

Siku ya mtihani, ukumbi wa chuo ulijaa. Wanafunzi wa kuazima walifanya vizuri ajabu, hata yule mjomba mwenye kitambi. Mwajiri alitazama amekunja mikono. Ilipofika zamu ya Mbishi, naye alichuchumaa bila kosa. Yule mama akamsogelea.

"Binti, mazoezi haya umeanza lini?"

Alihisi macho ya kaka yake mgongoni. "Shikamoo, mama. Tumefanya nyumbani, kila jioni."

Yule mjomba akajikohoza. Mkuu wa chuo alimgeukia kaka kwa hasira, lakini mwajiri akamzuia kwa mkono.

"Basi mfundishe kitu asichokijua," alimwambia kaka. "Pushapu."

Kaka akajitupa chini, akapiga pushapu mfululizo, haraka haraka, mpaka fulana ikalowa.

"Wewe nimeshaona unaweza," mwajiri alisema. "Yeye je?"

Mbishi alijaribu. Mgongo ukabonyea, mikono ikatetemeka, akaanguka kifudifudi. Mtu mmoja akacheka. Mbishi akainuka amejaa hasira. "Kiganja kinaniuma, na sijaelewa kitu. Umefanya haraka mno. Hata ukirudia hivyo mara mia, sitajua."

Kaka alifungua kinywa amkaripie, kisha akakifunga. Akapiga magoti mbele yake. "Panauma wapi? Nionyeshe."

Akaona kwamba mdogo wake alikuwa ameweka mikono mbele mno. Akampeleka ukutani, akamwambia ausukume taratibu huku akimtazama mabega. Alipoona ameweza, akamhamishia kwenye benchi. Pale Mbishi alishuka na kupanda, mgongo umenyooka, bila maumivu.

"Umekidanganya chuo," mkuu wa chuo alimwambia kaka.

"Ndiyo, mwalimu. Mimi ndiye niliyemfundisha kabla. Yeye alikataa kudanganya."

Mtihani ukafutwa kwa wote. Wengi walinung'unika na kumkodolea Mbishi macho, naye akawakodolea vilevile. Mtihani uliporudiwa, wanafunzi waliletwa na mwajiri mwenyewe. Kaka alipewa dereva mnene asiyeweza kuinama. Alimuuliza, akamtazama, akamsubiri. Kazi akaipata.

Siku ya kutia saini mkataba, mwenye ukumbi alimwita Mbishi aliyekuja pamoja na mama yake. "Mwanangu, ningemwajiri kaka yako kwa ule mtihani wa kwanza, angeniumizia wateja, na nisingemweka hata mwezi. Ulipomkatalia hukumharibia, ulimsaidia awe mwalimu. Kwa hiyo ukiona jambo si la kweli, likatae, hata kama wenzako wote wamekubali."

Kaka akacheka, akamwambia mwajiri wake, "Hilo la kukataa, mama, usimfundishe. Hilo alizaliwa nalo."