Maharage Waliyoyakataa

Milimani kwetu Kentucky, Marekani, ikifika Agosti kila jiko linafuka mvuke. Tunafunga maharage mabichi kwenye chupa za kioo, tuyale wakati wa theluji. Mama mkwe wangu, Bibi Verna, ndiye aliyenifundisha. Jaza chupa, kaza kifuniko, chemsha ndani ya sufuria la maji kwa muda wa saa tatu. Basi.

Mwaka jana binti yangu Shelby, mwanafunzi wa sekondari, alianza kujitolea kwenye benki ya chakula. Hapo wenye shida hupewa chakula bure. Nikampa chupa kumi na mbili za maharage awapelekee. Akarudi nazo zote.

"Mama, wamekataa."

"Wamekataa? Kwani yana mende?"

"Hawapokei chakula kilichofungwa nyumbani. Hasa maharage."

Bibi Verna akacheka. "Wamezoea ya kopo hao, hawajui utamu. Lete chupa moja hapa, niyapike na nyama ya nguruwe."

Mimi sikucheka. Nilipakia zile kumi na moja kwenye gari, nikaenda na Shelby. Nilikwenda kugomba.

Nilipoingia mlangoni, ugomvi wote uliniisha. Chakula kilipanda mpaka darini. Watoto wa shule walisimama kwenye meza ndefu, na kila kopo lilipita mikononi mwao. Waliligeuza, wakapapasa maungio yake, wakasoma tarehe. Shelby alivaa aproni akaanza kazi. Huyu nyumbani hata kitanda hatandiki! Akatupa kopo moja lililovimba kidogo tu, ambalo mimi ningelipika bila wasiwasi. Nilimtazama kama mtoto wa mtu mwingine.

Msimamizi, Bi Oma Ratliff, akanijia. "Mama Shelby, sura hiyo! Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuuliza chupa zangu zina kosa gani."

"Ulizichemshaje?"

"Kwa maji. Saa tatu nzima."

Tabasamu likamtoka usoni. "Sikiliza, mwenzangu. Kwenye udongo kuna kijidudu. Mbegu zake hazionekani, na maji yanayochemka hayaziui, hata uchemshe kutwa. Ndani ya chupa isiyo na hewa zinaamka, zinatoa sumu. Huioni. Huinusi. Kuonja tu kunaweza kuua."

"Lakini tumekula miaka yote!"

"Ni bahati. Jamu na achari za siki sawa, fungeni kwa maji, maana ukali wake unakizuia kijidudu hicho. Lakini maharage, mahindi, nyama, lazima sufuria la presha. Tena ufuate kipimo na muda ulioandikwa, usikisie."

Shelby akaniangalia. "Mama, Bibi anapika nini sasa hivi?"

Nikampigia simu hapo hapo.

"Mama, usile hayo maharage!"

"Sijala," Bibi Verna akasema. "Hata jikoni sijabandika. Nimeonja kijiko kimoja tu kutoka kwenye chupa."

Tulimkimbiza hospitali. Daktari akampima, akatuambia dalili. Akiona vitu viwiliviwili, kope zikilegea, ulimi ukiwa mzito, akishindwa kumeza au kupumua, tumrudishe mbio. Siku kumi nzima nilimkazia macho.

"Unanitazama kama ng'ombe wa mnada," alinitania.

Sikuweza kucheka. Kila asubuhi nilimsemesha kwanza, nisikie ulimi wake. Siku kumi zikapita, akawa mzima.

Chupa zote za ghalani, sabini na mbili, pamoja na zile za garini, tulizitupa bila kuzifungua, zimefungwa ndani ya mifuko miwilimiwili. Wewe unayesoma, kama unazo za namna hiyo, usifungue uonje kwanza. Tupa.

Agosti hii Bi Oma alikuja na sufuria lake la presha. Mshale wake unaoonyesha presha ulikuwa umeshakaguliwa na bwana shamba. Bibi Verna ndiye aliyeshika saa, na hakuna aliyethubutu kuzungumza naye mpaka dakika zitimie. Benki ya chakula bado haipokei chupa za nyumbani, na mimi sigombi tena. Mchango wetu sasa ni makopo ya dukani.

Jumapili tuliyala maharage mapya na mkate wa mahindi, wana, wakwe na wajukuu. Bibi Verna hakugusa kijiko. Alizungusha macho mezani, akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

"Miaka hamsini nimewalisha yale," akasema kwa sauti ndogo. "Na wote mko hapa."