Konokono Mguuni kwa Wifi

"We mdogo wangu, wifi yangu kaiba nini?"

Mwandishi alikuwa na mswaki mdomoni. Simu za dada yake huwa hazina salamu, lakini hii ilizidi.

"Wifi yupi?"

"Kwani unao wangapi? Mchoraji wako! Mwanangu kagoma kunywa chai. Kakumbatia kitabu chako kipya, analia eti anti ana konokono mguuni, ni mwizi."

Msishangae. Kaka wa watu huandika hadithi za upelelezi za watoto, na mpenzi wake ndiye huchora picha. Wana mchezo wao ambao kila msomaji wao anaujua: kwenye picha, konokono mdogo hukaa mguuni kwa mkosaji. Keki imeibwa? Saa ya mwalimu imepotea? Mtafute konokono, umemkamata mtu.

"Mwambie hilo ni doa la wino."

"Doa lenye pembe?"

Alitema povu, akachukua nakala yake, akageuza jalada la nyuma. Hapo wamechorwa wawili wao: yeye na kofia kubwa kuliko kichwa, mchoraji na brashi sikioni. Na kisiginoni kwa mchoraji, konokono, pembe juu.

Akamwandikia mchoraji: "Bi Rangi, konokono wako kapotea njia."

Jibu likaja hata hajasukutua: "Hajapotea, Inspekta. Njoo."

Mtu mwingine angeogopa. Yeye alishuka ngazi akipiga mluzi. Mpelelezi gani huyu, jamani!

Chumba cha mchoraji kilinuka rangi kama siku zote, ila meza ilikuwa tupu. Brashi zimefungwa kwa mpira. Maboksi yamepangwa mlangoni.

"Unahama?"

"Nahama."

"Kumbe umeiba kweli. Unakimbia polisi?"

"Usinichekeshe. Leo usinichekeshe, nakuomba."

"Haya. Umeiba nini?"

Alishusha pumzi. "Naolewa."

"Na nani?"

"Mhariri."

"Mhariri wetu? Yule anayekata vichekesho vyangu?"

"Huyo huyo."

"Basi leo kakata na mwandishi."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe alisikia kichekesho kikidondoka sakafuni.

"Hukuweza kuniambia kwa mdomo?" aliuliza.

"Mara ngapi nilikuja kukuambia? Ukifungua mlango tu, unanichekesha. Nikishacheka nasahau nilichojia. Narudi nyumbani nimebeba siri yangu vilevile. Mwisho nikasema, nimchore konokono. Wewe unajua kumsoma."

"Na mhariri hakumwona?"

"Alimwona. Akasema, 'Mwache, mwenyewe ataelewa.'"

Hapo Inspekta alikaa chini, juu ya boksi. Nadhani lilikuwa la vikombe, maana lililia.

"Nimekukosea nini, Rangi?"

"Nilikuuliza tutaoana lini. Ukasema mwizi hatajwi sura ya kwanza. Nikauliza tena. Ukasema sura ijayo. Mwenzio alikwenda kwa baba, akakaa, akasema anachotaka. Mimi si kitabu, Inspekta. Nachoka kufunguliwa kurasa."

 Mwandishi akatoa kitabu kwapani, akafungua ukurasa wa yaliyomo.

"Soma vichwa vya sura."

"Nimevichora vyote, navijua."

"Soma herufi za mwanzo."

Rangi aliweka kidole. Nyayo Jikoni. Ipo Wapi Saa? Kelele Darini. Ufunguo wa Bibi. Ona Vumbi Hili. Elekea Bustanini.

Kidole kilishuka polepole, midomo ikinong'ona. Kilipofika chini kikaganda.

"Nikuoe," alisema.

"Kuna alama ya kuuliza pia, sema haikuwa na sura yake."

"Ndiyo maana uligombana na mhariri kuhusu vumbi!"

"Alitaka iitwe Vumbi la Ajabu. Ingesomeka Nikuve. Nani angekubali kuvewa?"

Rangi alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikageuka kilio hapo hapo, akajifuta kwa kiganja chenye rangi, shavu likabaki la buluu.

"Nilikaa na sura hizi miezi yote ile," alisema. "Nilichora hadi vumbi lenyewe. Sikuona."

"Na mimi nililetewa picha ya jalada, nikasema 'safi sana', nikaipitisha. Sikuona."

"Kwa nini hukuuliza tu?"

"Nilitaka ulifumbue fumbo. Halafu utoe ile sauti yako ya 'aaah!'"

Nje gari lilipiga honi. Mhariri huyo, anafuata maboksi. Mwandishi alisimama, akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, mazoea tu.

"Rangi. Nikuoe?"

Halikuwa na kichekesho ndani, swali lile, na kwa hilo lilikuwa geni kwao wote.

"Umeuliza vizuri," alisema. "Lakini nimeshamjibu mtu. Na yeye hajanikosea kitu."

Mwandishi aliinama, akabeba boksi la kwanza, akalishusha ngazi mwenyewe. Mhariri alimfungulia mlango wa gari.

Alipobaki peke yake barabarani, simu ililia, ujumbe umeingia. Dada:

"Chai imepoa. Mtoto bado anauliza, anti kaiba nini?"

Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akatuma:

"Mpe penseli. Mwambie achore konokono mwingine, mguuni kwa mjomba wake."