Masahihisho ya Ukurasa wa Pili

Kila Alhamisi akitoka shule, binti wa mhariri aliketi kwenye kompyuta ya gazeti la mama yake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, na wafanyakazi walikuwa wao wawili tu. Mama aliandika habari. Binti alichapa matangazo madogo na masahihisho, yaani marekebisho ya makosa ya wiki iliyopita. Mama hakukosa kuyakiri, hata likiwa kosa la tarehe.

Alhamisi moja kosa lilikuwa zito. Gazeti lilikuwa limefichua kwamba mkuu wa ghala la hospitali anaiba dawa za wagonjwa, na habari yenyewe ilikuwa kweli tupu. Lakini kwa haraka zake, mama aliweka picha ya muuguzi asiye na hatia badala ya picha ya mkuu huyo. Shuleni binti alichekwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Eti gazeti lao ni la porojo. Basi alipopewa karatasi ya masahihisho, aliitia mfukoni, na mahali pake akajaza tangazo la baiskeli. Mama alimwamini, hakuukagua ukurasa ule. Binti akajidanganya kwamba watu watasahau.

Thubutu! Wagonjwa walimkwepa muuguzi, wengine wakamsema hadharani. Mkuu wa ghala naye akapata pa kushikia. Alipeleka gazeti lenye picha ile na lile lililofuata kwa wakubwa wa serikali, akidai kwamba waongo hawa hawana hata haya ya kuomba radhi. Jumatatu wakaja watu watatu waliotumwa na wakubwa hao, wakafunga ofisi kwa kufuli lao, wala hawakutaka kusikia neno. Mama alisimama nje na mkoba wake, asijue aende wapi.

Binti alishindwa kuvumilia. "Mama, masahihisho niliyaficha mimi," akasema huku analia.

Mama hakumpiga wala kumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alimshika mkono wakaenda hospitali. Mbele ya foleni ya wagonjwa binti aliisoma karatasi ile kwa sauti, kisha wote wawili wakamwomba muuguzi radhi. Bibi mmoja aliyekuwa amekataa kuhudumiwa naye akasogea, akakunja mkono wa gauni lake, apigwe sindano.

"Na zile dawa je?" akauliza mzee mmoja.

"Ziliibwa kweli," mama akajibu.

Mzee akatikisa kichwa. "Sasa sisi tutajuaje, mama?"

Walipotoka nje, mama alikaa kwenye ngazi, akamvuta binti karibu.

"Kutufungia gazeti ni uonevu, mwanangu, na nitaupinga. Lakini kosa langu lingesamehewa kama tungelisema. Tulipolificha, watu wakaacha kutuamini hata kwenye ukweli. Muuguzi amerudishiwa jina lake," akasema, machozi yakimlengalenga. "Wagonjwa bado hawana dawa."