Siku Tatu Bila Kukanda

Ngazi za soko lile hazina adabu. Msusi alikuwa anashuka na gauni lake la njano, kisigino kirefu, mfuko wa rasta begani, huku akimwitikia mtu salamu bila kutazama anapokanyaga. Mguu ukapinda, akaketi chini puu! mbele ya meza ya samaki.

"Usikurupuke kusimama," muuza samaki alimwambia, akamkalisha juu ya kreti. Sokoni walimwita Barafu, kwa barafu aliyoipasua kutwa na kwa utulivu wake. "Sasa jaribu kukanyaga, taratibu."

Msusi akapiga hatua nne, machozi yakimlengalenga.

"Nadhani umeteguka tu. Kesho ukishindwa kukanyaga, moja kwa moja hospitali ukapigwe picha."

Akafunga vipande vya barafu kwenye taulo safi, akaliweka kwenye kifundo cha mguu.

"Inanuka samaki!"

"Inanuka riziki, mrembo. Tulia dakika ishirini."

Kwenye timu ya mpira ya soko, Barafu ndiye aliyebeba sanduku la huduma ya kwanza, kwa hiyo bandeji haikukosekana. Alimfunga kwa mikono mipole kuliko msusi alivyotarajia. "Vidole vikifa ganzi, legeza. Ukilala, mguu juu ya mto. Na siku tatu hizi hakuna maji ya moto, hakuna kukanda. Umenisikia?"

"Nimekusikia, daktari wa samaki."

Wakacheka, wakapeana namba za simu.

Lakini nyumbani kulikuwa na shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Kwa mguu uliovimba, shangazi alijua dawa moja: beseni la maji ya moto na vidole gumba viwili. Msusi alipiga mayowe.

"Hapo hapo panapouma ndipo penyewe," shangazi alisema, akaongeza nguvu.

Jioni simu ikalia.

"Mguu vipi, mrembo? Hakuna aliyeukanda?"

Shangazi alikuwa chumba cha pili, anaimba. "Hakuna," msusi alijibu.

Kesho yake Barafu akaja na ndoo ya barafu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Akaukuta mguu umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Mpumbavu gani amekukanda?"

"Ni mimi," shangazi alisema mlangoni, beseni mkononi. "Na njia ya kutokea ni hii hii."

Barafu aliondoka, ndoo akaiacha.

Siku nne simu haikulia. Ya tano msusi akapiga mwenyewe. Si mtu wa kungojea kubembelezwa.

"Mimi ndiye niliyekudanganya. Sikutaka umdharau shangazi yangu."

"Nami nimemtukana mzazi wako ndani ya nyumba yake. Siwezi kurudi mpaka aniite mwenyewe."

"Huyo? Hawezi kukuita hata siku moja!"

"Basi, mpenzi, ndiyo hivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi, na amemwita akiaga. Msusi alilia kwa hasira, maana alimpenda na alijua anapendwa.

Jumamosi asubuhi shangazi alijitia kusukuma kabati la nguo peke yake. Mkono ukapinda, yowe likatoka. Msusi akaja anachechemea, beseni la maji ya moto mikononi.

"Pole, shangazi. Lete mkono nikukande."

"Aa! Usiniguse!" Shangazi aliutazama mkono, akautazama na mguu wa binti yake. "Mwite huyo mtu wako wa barafu."

Msusi akapiga, akamsogezea simu. "Mwambie mwenyewe."

Shangazi akakohoa. "Wewe kijana. Yule mpumbavu aliyekanda anakuita. Njoo."

Barafu alifika anahema, aproni bado kiunoni. "Shikamoo, shangazi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Funga kwanza, radhi utaipata."

Vipande vya barafu kwenye taulo, dakika ishirini, bandeji, mkono juu ya mto. Msusi alishika mkasi na kumtazama tu.

"Mkono utapona lini?" shangazi aliuliza.

"Wiki tatu, ukitulia."

"Basi wiki ya nne walete wazee wako. Siwezi kupokea wageni nimefungwa bandeji."

Barafu alimgeukia msusi, utulivu wake wote umemtoroka. "Unasemaje, mpenzi?"

"Wiki ya nne?" msusi alisema. "Mbona mbali hivyo?"